Kuku Ndani ya Boya la Ndege

Nimeaibika mara nyingi katika maisha yangu, na mara nyingi nimeaibika peke yangu, jambo ambalo ni neema, lakini hii ninayowaeleza niliaibika mbele ya kwaya mbili, akina mama wote wa kanisa letu, mkaguzi wa serikali aliyetoka Nairobi na kuku mmoja mwekundu. Sina wa kumlaumu. Niliificha kwa muda, nikachoka kuificha, kisha nikagundua kwamba kuanzia Migwani hadi Tawa hakuna aliyekuwa hajui, kwa hivyo wacha niwaambie mimi mwenyewe, angalau mtaisikia jinsi ilivyokuwa bila chumvi ya Fundi Salim.

Kaka yangu mkubwa, Mungu amlaze pema, alikuwa fundi wa ndege za wamishonari. Walipoondoka walimwachia kindege kimoja kikuukuu (kimenizidi mimi umri, na mimi ni mzee), cha viti viwili, kimoja mbele na kingine nyuma, mwili wake ni vyuma vyembamba vilivyovikwa kitambaa kilichopakwa dawa kikakaza kama ngozi ya ngoma. Nacho hakina magurudumu. Kina maboya mawili marefu ya bati, kama mitumbwi miwili iliyofunikwa juu, kwa sababu ni ndege ya kuruka kutoka majini na kutua majini. Sasa fikiria chombo kama hicho kimekaa kwetu Salama, kando ya barabara kuu, mahali ambapo maji tunayanunua kwa jerikeni. Kilikaa chini ya mabati nyuma ya nyumba ya kaka miaka mingi, madereva wa malori wakija kukishangaa, na kaka akafariki kabla hajakirudisha hewani.

Aliyekirudisha ni Nduku, binti yake. Huyu mtoto alisomea urubani, akapata kazi, na kila likizo alikuwa akirudi Salama kushinda chini ya yale mabati pamoja na Fundi Salim. Salim ni Mswahili wa Kitui mjini, babu zake walitoka pwani, kazi yake ni kuunda na kuziba boti na matangi, na mdomo wake haujawahi kuzibwa na mtu. Walipomaliza, kindege kikapakiwa kwenye lori vipande vipande, kikapelekwa hadi kwenye lile bwawa kubwa la mto Tana, kule mbele ya Migwani, kikaunganishwa tena ufukweni.

Nduku hakuwa anacheza. Ng'ambo ya bwawa kuna vijiji ambavyo mvua ikinyesha sawasawa barabara yake inakatika, na ikikatika muuguzi wa chanjo hafiki, anakaa huku na sanduku lake la barafu akingoja maji yapungue. Nduku alitaka kibali cha kumvusha muuguzi kwa ndege. Na kibali kilisimama juu ya jambo moja tu: mkaguzi aone kile kindege, kikiwa na watu wawili ndani, kikiinuka kutoka majini kabla ya kufika jerikeni ya njano iliyofungwa kwa kamba na jiwe kule mbele, kivuke, kitue ng'ambo, kirudi. Mkaguzi alikuwa ametupa asubuhi moja. Mvua zilikuwa zinakaribia, mawingu yalishaanza kukusanyika jioni.

Mtu wa pili nilikuwa mimi. Nduku alinichagua kwa sababu mimi ni mwembamba, na kwa sababu, alisema, "Baba mdogo, wewe ukiambiwa kitu unashika." (Hayo maneno yananiuma hadi leo.) Alinipima Migwani kwa mizani ya mfanyabiashara wa pojo, nikiwa na koti na viatu, akaandika. Kisha akanifundisha kwa wiki nzima, na nilifurahia, kwa sababu mzee hafundishwi kitu kipya kila siku.

"Ndege ya magurudumu inashindana na hewa tu," aliniambia. "Hii inashindana na maji kwanza. Maji yanashika boya vile matope yanashika gumbuti. Tukianza, pua itainuka, itakuwa kama tunalima. Halafu ikifika mahali fulani, nikiachilia usukani kidogo, maboya yanapanda juu ya maji yanaanza kuteleza, kama lile jiwe bapa watoto wanarusha mtoni. Tukishateleza tumeshinda. Lakini injini ni ndogo na ni ya zamani, baba mdogo. Haina kitu cha ziada. Kila kilo inahesabika."

Kwa hivyo petroli iliwekwa nusu tangi. Tope na mwani vilisuguliwa chini ya maboya mpaka bati likang'aa. Tungeondoka saa moja asubuhi, kukiwa na baridi, kwa sababu hewa ya joto ni nyepesi na haibebi. Na maboya yale, kwa kuwa ni ya zamani, huvuja kidogo usiku, kwa hivyo kila asubuhi lazima yapigwe pampu ya mkono kutoa maji, chumba kwa chumba, mpaka pampu ivute upepo mtupu. Kazi ya pampu alinipa mimi. Naomba mlikumbuke hilo, nilikuwa nimekabidhiwa maboya.

Asubuhi ile nilipiga pampu kwa uaminifu. Tatizo ni kwamba kanisa lilikuja.

Lilikuja lote. Mimi ni mzee wa kanisa, na nilikuwa nimetangaza Jumapili kwamba tuombee safari, nami nilidhani watu wataombea nyumbani kwao, lakini kufika saa kumi na mbili na nusu kwaya ya vijana ilikuwa imeshasimama kwenye mchanga na sare zake, na kwaya ya akina mama ikishuka kilimani. Nduku akanijia. "Baba mdogo, ombi fupi. Tafadhali. Saa moja niwe juu ya maji." Nikasema fupi. Nikafungua kwa ombi fupi kweli, lakini ukishafungua kwaya moja huwezi kuiacha nyingine, na kwaya ikishaimba mzee wa kanisa la Tawa aliyesafiri usiku kuja huwezi kumwambia akae, na huyo mzee akishashika neno, hata mkaguzi mwenyewe alivua kofia na kusimama, na jua lilipanda taratibu kama linalotusikiliza. Tulipofika amina ya mwisho ilikuwa karibu saa tatu. Shati lilikuwa limeshanishika mgongoni.

Hapo ndipo Mama Kalondu alinivuta kando.

Mama Kalondu ni mwenyekiti wa akina mama, na binti yake, Syombua, ameolewa ng'ambo ile. Alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza wiki iliyotangulia. Mama Kalondu hakuwa amemwona mjukuu, mguu wake ni mbovu na safari ya kuzunguka bwawa kwa barabara ni ya siku nzima. Alikuwa ameshika chupa ya asali, ameifunga kwa leso.

"Mzee Mutua," akasema, "wewe unaenda kutua pale kwao. Utaonana na mzazi na mikono mitupu?"

Nilimwambia Nduku amekataza mzigo.

"Nduku amekataza mzigo. Hii ni mzigo? Hii ni asali."

Sasa nyinyi mnajua mila yetu. Mtu hamwendei mzazi mikono mitupu, na kitu cha mzazi kikishaletwa mkononi mwako hakirudi nyuma, kukirudisha ni kama kumwambia yule mtoto hatukukungoja. Nikaitazama ile chupa. Haikuwa hata kilo moja. Nikasema leta.

Hilo ndilo kosa, yaliyobaki ni watoto wake. Kwa sababu akina mama wengine walikuwa wanatazama, na kumbe kila mmoja alikuja na kitu chini ya shuka akingoja kuona kama mzee atapokea. Ukishapokea ya mwenyekiti utakataa ya mjane? Nilipokea unga wa wimbi wa uji. Nilipokea pojo, gunia dogo lakini limeshindiliwa. Nilipokea mafuta, sabuni, shuka la mtoto, viazi vitamu, na Mama Wayua, ambaye hana kitu duniani isipokuwa kuku wanne, akanipa mmoja, amefungwa miguu kwa kamba ya mkonge, na akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Niambieni mngefanya nini.

Ndani ya ndege singeweza kuviweka, Nduku alikuwa amekaa pale pale mbele akikagua waya zake. Lakini boya la kulia lina mlango mdogo juu yake, upande wa mbele, wa kuwekea nanga na kamba, na nanga tulikuwa tumeiacha ufukweni kupunguza uzito. Nikajiambia, nafasi ya nanga iko wazi, basi ni kama nanga. (Mzee akishaanza kujihubiria mwenyewe hakosi andiko.) Nikaingia majini hadi magotini kana kwamba naangalia pampu yangu, akina mama wakinikinga kwa shuka zao huku wakiimba, na nikapanga vile vitu vyote mle ndani, kuku juu kabisa ili asikandamizwe. Mlango ukakataa kufunga sawasawa. Nikausukuma kwa goti, ukashika upande mmoja. Nikaona inatosha.

Tukaondoka.

Injini iliunguruma, pua ikainuka, maji yakaruka pande zote mbili nisione kitu, nami nikangoja kile alichoniambia, tuanze kuteleza. Hatukuteleza. Tulilima. Tulilima bwawa lile kama ng'ombe mmoja aliyefungiwa plau ya wawili, jerikeni ya njano ikatujia, ikapita kando yangu polepole kabisa, na Nduku akapunguza mbio. Kutoka ufukweni nilisikia kwaya bado inaimba.

"Maji yametulia sana," Nduku akasema bila kugeuka. "Yakiwa kama kioo yananyonya boya. Nitamwambia Salim azunguke na mtumbwi wa injini atupigie mawimbi."

Nikasema, "Ni kweli, yametulia."

Nilikuwa na nafasi hapo. Ningesema maneno manne tu. Lakini niliwaza, mawimbi huenda yakasaidia, na tukishainuka hakuna atakayejua, na mzazi atakula uji. Nikafumba macho nikamwomba Bwana atuinue. Niliomba kwa nguvu kuliko nilivyoomba mbele ya watu wote wale, na nilichokuwa naomba, nikisema ukweli, ni kufunikwa.

Salim akapita na mtumbwi wake akizungukazunguka, maji yakachafuka vizuri, Nduku akageuza ndege na kuanza tena. Mara hii ilikuwa mbaya zaidi. Tulikuwa tunavutwa kulia. Nduku alikanyaga pedali ya kushoto, akainua bawa, akajaribu kuliondoa boya moja kwanza ndipo jingine lifuate, ujanja wa wazee wa kazi hiyo, na la kushoto likawa jepesi kabisa, nilisikia likipiga mawimbi pa pa pa, lakini la kulia lilikuwa limelala tu majini. Mimi nikaegemea kushoto na mwili wangu wote, kana kwamba mifupa yangu ingemsaidia. Jerikeni ikapita tena.

Akazima injini kabisa ili asikilize ndege yake. Kukawa kimya, maji yakigonga bati. Na katika ule ukimya, kuku akalia.

Nduku akageuza shingo. "Hiyo ni nini?"

"Labda ni kuku wa watu," nikasema.

"Kuku wa watu gani, baba mdogo? Tuko katikati ya bwawa."

Akatazama nje, kwenye boya la kulia, na kutoka juu pale aliuona ule mlango umeinuka upande mmoja na maji yakiingia na kutoka kama yaliyozoea. Akawasha injini taratibu, akaturudisha ufukweni huku bawa la kulia likiinama na kuinama, watu wakanyamaza kuimba, wa kwanza kwaya ya vijana, kisha akina mama, ambao walikuwa wanajua.

Salim ndiye aliyefungua mlango. Kuku akatoka mwenyewe, kamba ilishamlegea, amelowa mpaka amebaki shingo na macho, akasimama juu ya boya akajikung'uta mbele ya umati. Salim akaingiza mkono akatoa leso yenye asali. Akatoa sabuni. Akaingiza tena mkono ukatoka umejaa uji, kwa sababu unga wa wimbi ulikuwa umeshakorogeka na maji ya bwawa, na pojo zinaelea ndani yake.

"Bwana mkaguzi," akasema Salim, "andika abiria watatu. Na wamepikiwa."

Vijana wa kwaya wakacheka. Mkaguzi hakucheka. Alikuwa mtu mpole, amevaa viatu vya mjini vilivyojaa mchanga, akaja hadi ukingoni akauliza, "Nani ameweka hivi vitu?"

Nikawaona akina mama wameinamisha macho. Nikamwona Mama Kalondu anajishika goti anataka kusimama na ule mguu wake. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha nyuma, koti la Jumapili limenasa kwenye kitasa, nikajitoa vibaya nikaanguka majini kwa magoti yote mawili (nao vijana wakacheka tena), nikasimama nikitiririka.

"Ni mimi," nikasema. "Rubani hakujua. Mimi ndiye nilipewa maboya nikayajaza. Nilikuwa na nafasi ya kumwambia kule katikati, sikusema."

"Wewe ndiye mzee aliyefungua kwa maombi?" mkaguzi akauliza. Sidhani alitaka kunidhihaki, nadhani alitaka kuandika sawasawa.

"Ndiye mimi."

Akafunga faili yake. Akamwambia Nduku, kwa sauti ya chini lakini sote tulisikia, kwamba haoni ubaya wa ndege, lakini rubani ndiye anayewajibika kwa kila kilichomo, hata asichokijua, na kwamba hawezi kutia sahihi. Nduku akaomba mara moja zaidi, peke yake na mawe ya uzito wangu kwenye kiti cha nyuma. Mkaguzi akatazama jua, akatazama lile boya lililozama nusu, akasema atarudi baada ya mvua.

Watu wakapanda kilima bila wimbo. Mke wangu, Mama Mwende, akaja akanipa shuka yake nijifute, akasema, "Si ungeniuliza mimi," akaenda.

Nikabaki na Nduku tukipiga pampu. Nilimwambia anisamehe. Aliendelea kupiga muda mrefu, maji ya uji yakitoka, kisha akasema, "Baba mdogo, mimi sikuwa naogopa ikatae kuinuka. Sasa hivi nashukuru ilikataa. Yale maji yalikuwa huru mle ndani. Tungeinuka, pua ingepanda, yangekimbilia nyuma yote mara moja, na mimi ningekuwa juu ya miti nashika usukani ambao hausikii. Ungekufa. Nami ningekufa, na hakuna mtu angejua ni kwa nini."

Alisema hivyo bila hasira, kama alivyonifundisha mambo mengine. Nikakaa kwenye mchanga. Nilikuwa nimemwomba Mungu kwa moyo wangu wote atuinue, naye kwa rehema zake alikuwa ametushikilia majini kwa nguvu mara mbili.

Mvua zilinyesha. Barabara ya ng'ambo ilikatika, muuguzi akakaa huku na sanduku lake, na mtoto wa Syombua pamoja na wenzake walingoja chanjo mpaka maji yalipopungua. Hawakupatwa na neno, nashukuru, nashukuru sana, lakini siku zile zote nilikuwa nahesabu mimi. Njia ilipopitika nilikwenda mwenyewe kwa kuzunguka, siku nzima, na asali na vitu vingine nilivyovinunua upya. Syombua alinipokea vizuri, akaniwekea mtoto mikononi, akaniambia, "Mzee, tulikaa ukingoni siku ile kutwa tukingoja ndege. Tuliiona inakuja, inarudi. Tukasema labda wanatusalimia." Nikamweleza yote, na mtoto akalala.

Baada ya mvua mkaguzi alirudi, Nduku akaruka na jerikeni ikiwa bado mbali, naye mkaguzi akatia sahihi, na sasa muuguzi anavuka. Mimi nilitubu kanisani Jumapili iliyofuata ule mkasa, nikakaa nyuma miezi mitatu kwa kupenda kwangu, na kwenye kindege kile sijakaa tena wala siombi. Lakini mtu akinijia na mzigo wa kupeleka mahali, hata ni kilo ya maharagwe, hata ni kwa gari la kawaida, hata ni wa mzazi, namshika mkono twende pamoja hadi kwa mwenye chombo, namwuliza huyo mbele ya mwenye mzigo, kwa sauti, hapa pana nafasi au hapana. Akisema hapana, mzigo unarudi na aliyeuleta. Wengine wanasema Mzee Mutua amekuwa mgumu uzeeni. Wacha waseme.